Jinsi ya Kuandaa Fundisho Kuhusu Msalaba na Ufufuo

Anayeandaa fundisho juu ya msalaba na ufufuo aanzie 1 Wakorintho 15:3-8. Waraka huo uliandikwa yapata mwaka 55 BK, takriban miaka 25 baada ya Yesu kusulubiwa, na Paulo anasema wazi kwamba anawakabidhi Wakorintho yale ambayo yeye mwenyewe aliyapokea. Andika ubaoni mambo manne yanayobeba ungamo hilo: alikufa, alizikwa, alifufuka, aliwatokea watu. Waoneshe wanafunzi kwamba kaburi linathibitisha kifo, nao mashahidi, kuanzia Kefa (yaani Petro) hadi ndugu zaidi ya 500, ambao wengi wao walikuwa wangali hai, wanaushuhudia ufufuo.

Kisha kaa kwenye msalaba, wala usiwe na haraka ya kufika Pasaka. Kwa Warumi kusulubiwa kulikuwa adhabu ya watumwa na waasi, na kwa mujibu wa Kumbukumbu la Torati 21:23 aliyetundikwa mtini amelaaniwa. Ndiyo maana kumhubiri Masihi aliyesulubiwa kuliwakwaza wengi. Mwombe mmoja asome Marko 15 kwa sauti, bila maelezo yoyote, hadi kile kilio cha kuachwa na Mungu katika mstari wa 34, halafu acha kimya kidogo. Kwa maoni yangu, usomaji huo hufundisha kuliko mfano wowote utakaoubuni.

Wakiuliza kifo hicho kinaokoaje, usiwape jibu moja kana kwamba ndilo pekee. Marko 10:45 inazungumzia fidia, Waebrania 9 dhabihu, na Wakolosai 2:15 ushindi juu ya mamlaka zilizovuliwa nguvu. Makanisa hayakubaliani ni lipi litangulie, nawe huna haja ya kumaliza mjadala huo katika kipindi kimoja.

Sehemu inayotaka umakini zaidi ni kiungo kati ya msalaba na ufufuo. Uliza: kama Yesu angebaki kaburini, msalaba ungekuwa na maana gani? Waache wajibu, na wengi watasema ungebaki mfano wa upendo. Hapo ndipo uwasomee 1 Wakorintho 15:17, ambapo Paulo anasema kwamba imani ingekuwa bure na waamini wangekuwa bado katika dhambi zao. Warumi 4:25 inaunganisha yote mawili katika sentensi moja: alitolewa kwa ajili ya makosa yetu, akafufuliwa tupate kuhesabiwa haki. Kosa la upande wa pili, la kushangilia ufufuo na kuusahau msalaba, lijibu kwa Yohana 20:27, kwa kuwa mwili uliofufuka anaooneshwa Tomaso ungali na alama za misumari na jeraha la ubavuni.

Tenga muda wa mwisho kwa maswali kuhusu wafu wao, maana hayakosi kuulizwa, na uyajibu kutoka 1 Wakorintho 15:20, unaomwita Kristo limbuko, yaani mavuno ya kwanza, lao waliolala.