Jinsi ya kupima moshi na vumbi la mtaani kwako kwa sensa ya bei rahisi

Naishi Dar, nyumba zimebanana, ikifika saa kumi na mbili jioni kila mlango una jiko la mkaa na kiwanja cha nyuma kuna watu wanachoma taka, nailoni na chupa za plastiki humo humo, watoto wanacheza pembeni. Ukisema unaambiwa moshi tu huo, tumekua nao. Ndo nikaamua kupima, mana nilichoka kubishana bila namba.

Kinachopimwa ni vile vichembe vinavyoitwa PM2.5, kipenyo hakizidi mikromita 2.5 wakati unywele wako una kama 50 na kuendelea, kwaiyo pua haivizuii, vinashuka mpaka chini kabisa kwenye mapafu na vingine vinaingia kwenye damu. Sensa, yaani kile kifaa cha kupimia, ina kifeni kinavuta hewa, leza inamulika, kichembe kikipita kinatawanya mwanga, kifaa kinakadiria. Haipimi uzito wa vumbi, inasoma mwanga tu. Shika hilo, litatusumbua mbele.

Tafuta sensa aina ya SDS011, bodi ya NodeMCU ESP8266 ambayo ndo ubongo wa kifaa na ina waifai, na kale kadogo ka BME280 ka kupima joto na unyevu, hako wengi wanakaacha ili kubana hela ila kwa sisi watu wa pwani usikaache kabisa. Ongeza chaja ya simu na kebo yake, elbo mbili za bomba la maji machafu kutoka duka la vifaa vya ujenzi, hizo ndo nyumba ya kuwekea vyote ndani, na mpira mwembamba wa milimita 6 wa kuvutia hewa.

Waya (hizi herufi ni majina ya pini yaliyoandikwa kwenye vifaa vyenyewe): TX ya sensa iende D1, RX iende D2, GND kwa GND, 5V iende VU au VIN kutegemea bodi yako. BME280 inachukua 3V3 na GND, SDA kwenye D3, SCL kwenye D4. Programu ni ya bure, ya Sensor.Community, hao walianzia Stuttgart Ujerumani mwaka 2015. Ukishaipakia kwenye bodi kwa kompyuta, bodi inatoa waifai yake ambayo jina linaanza na airRohr, unganisha simu, fungua 192.168.4.1 kwenye brauza, weka jina na paswedi ya waifai ya nyumbani, iwe ya 2.4 GHz mana ya 5 haiioni. Alafu sajili namba ya bodi kwao ili utokee kwenye ramani.

Sasa pa kuiweka, hapa ndo nilipoharibu. Mwanzo niliitundika juu ya dirisha la jikoni, wiki nzima nikawa napima chapati zetu wenyewe. Weka nje, kama mita 2 au 3 kutoka chini, mbali na jiko na jua la moja kwa moja, hewa ipite kwa uhuru, midomo ya elbo iangalie chini mvua isiingie, na ufunge wavu wa mbu mana buibui wanapenda sana humo ndani.

Turudi kwenye mwanga. Hewa ikiwa na unyevu mwingi vichembe vinanyonya maji vinavimba, sensa inaona vikubwa inakupa namba kubwa ya uongo. SDS011 yenyewe imetengenezwa kwa unyevu usiozidi asilimia 70, na alfajiri ya Dar inavuka hapo mara nyingi tu. Kwaiyo namba ikipanda saa kumi na moja alfajiri angalia kwanza unyevu, usikimbilie kumlaumu mtu, ila ikipanda saa moja usiku, unyevu umetulia na moshi unausikia puani, huo ni moshi kweli. Kingine, PM10 (vichembe mpaka mikromita 10, sensa inakupa namba yake pia) ikikaa karibu na PM2.5 ujue ni moshi, na vumbi la barabarani hizi sensa zinalipunja sana, usilitegemee.

Kama una rafiki mwenye sensa, zikae pamoja wiki moja muone zinatofautiana kiasi gani. Leza inaishi kama masaa 8000, haifiki mwaka ikiwaka muda wote, ndo mana programu inaiamsha kila baada ya dakika mbili na nusu hivi alafu inailaza.

Kulinganisha, WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 walisema wastani wa PM2.5 wa masaa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo, na wa mwaka usizidi 5. Ni wastani jamani, sio ile namba ya juu ya dakika moja. Ukienda kwa mwenyekiti wa mtaa peleka wastani wa siku nzima wa wiki mbili au tatu, na pembeni uandike siku zipi taka zilichomwa na saa ngapi, umeme ulipokatika pia andika, usiache pengo bila maelezo mana ndo hapo watakapokushika.