SOMO: Kichwa kisichotulia, hatua za kila siku (someni kabla ya kuniuliza)

Wakuu, salaam. Mwakeye kwa wa nyumbani.

Kila wiki inboksi yangu inajaa swali lilelile kwa maneno tofauti: "Nesi, nina mawazo sana, silali, nifanyeje?" Nikimjibu mmoja, kesho yake wanakuja watatu. Kwa hiyo naliandika hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamtumia uzi huu bila hata salamu. Mimi ni nesi hapa Kigoma mjini, si daktari wa akili. Somo hili ni la mtu ambaye bado anaenda kazini, anakula, anacheka na wenzake, ila ikifika usiku kichwa hakizimiki. Aliyezidiwa kuliko hapo aruke moja kwa moja hadi hatua ya 8.

Mahitaji: daftari dogo, kalamu, saa yoyote yenye kengele. Basi.

Hatua ya 1. Amka saa ileile kila siku, Jumapili ikiwemo. Saa ya kulala itajipanga yenyewe baada ya muda, ya kuamka lazima uipange wewe.

Hatua ya 2. Ukishaamka, toka nje kabla dakika 60 hazijapita. Kufagia uwanja kunatosha. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza.

Hatua ya 3. Tembea. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Ukishuka barabara ya Lumumba kutoka eneo la Mwanga hadi stesheni ukapanda tena kwa miguu, ya leo umeimaliza, na kile kilima hutaimba.

Hatua ya 4. Kahawa mwisho saa 8 mchana. Najua Ujiji watanipiga mawe. Lakini kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo ukinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu yake bado inazunguka mwilini. Chai ya rangi nayo imo humohumo. Pombe hukulaza upesi kisha hukuamsha saa 9 usiku ukiwa macho makavu, halafu unasema una mawazo.

Hatua ya 5. Tenga muda wa mawazo. Hapa ndipo watu wanapoharibu, nami niliharibu mwanzoni kwa kuifanyia kitandani, kwa hiyo someni polepole.

Kila siku, saa ileile, tuseme saa 11 jioni, kaa kwenye kiti (si kitandani, si chumba cha kulala) na daftari lako kwa dakika 20. Weka kengele. Gawa ukurasa mara mbili kwa mstari. Kushoto andika yale unayoweza kuyafanyia kitu, kulia yale usiyoweza. Kila la kushoto liandikie tendo moja dogo, siku yake na mtu wake. Usiandike "deni". Andika "Jumatatu asubuhi nimpigie mwenye duka, nimwambie nitalipa nusu mwisho wa mwezi". La kulia liandike tu, mfano "mvua zitachelewa?", uliache hapo. Kengele ikilia, funga daftari, inuka, nenda kachote maji au kaanze kupika. Saa nyingine yoyote wazo likija, andika neno moja pembeni ulikumbuke, liambie lisubiri saa 11. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake kule Marekani waliijaribu njia hii kwa watu wenye wasiwasi, na hadi leo wanaotibu wasiwasi wanaifundisha.

Onyo la kwanza: usiifanye baada ya chakula cha usiku, maana utakwenda nayo kitandani. La pili: usisahau kengele. Dakika 20 zikigeuka saa mbili, hayo si mazoezi tena, ni kulia peke yako na kalamu mkononi. Usirudi kusoma kurasa za wiki iliyopita kila siku. Daftari lifiche, nimeshaona ndoa ikitetemeka kwa sababu ya ukurasa wa kulia. Na hili ni la lazima: kama kinachokusumbua ni jambo zito lililokupata, kubakwa, ajali, kuzama kwa boti, vita ulivyovikimbia (tuko mkoa wa wakimbizi, tunajuana), usianze kuliandika peke yako nyumbani. Liwe mbele ya mtu aliyesomea kazi hiyo.

Usitegemee siku ya kwanza mawazo yatatii. Yatakuja saa 5 usiku kama kawaida. Unachokifundisha kichwa ni kwamba yana saa yake, na kichwa ni kigumu kufundishika.

Hatua ya 6. Kitanda ni cha kulala. Ukikadiria dakika 20 zimepita bila usingizi, inuka, kaa sehemu nyingine kwenye mwanga hafifu, fanya jambo lisilo na utamu kama kukunja nguo, rudi usingizi ukija. Usiangalie saa ni ngapi. Simu ilale chumba kingine.

Hatua ya 7. Mtu mmoja, uso kwa uso, angalau mara moja kwa wiki. Unamuuliza hali yake, na yeye anakuuliza, na mnajibu kweli. Kikao cha vikoba hakihesabiki, pale mnaongelea marejesho.

Hatua ya 8. Hospitali. Kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, una huzuni au hakuna kinachokufurahisha, na kula, kulala au kazi vimeharibika, nenda kituo cha afya. Watakusikiliza, na ikibidi watakupa rufaa kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu. Ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukiwaza kufa au kujidhuru, wiki mbili hizo si zako. Nenda leo, na mtu akusindikize. Anayetumia dawa alizoandikiwa asiziache kwa sababu ya uzi huu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Mwandiga: Nesi somo zuri ila refu. Kwa kifupi, ninunue dawa gani ya usingizi pale duka la dawa?

Nesi: Onyesha hatua iliyosema ununue dawa.

Kijana wa Mwandiga: Sasa kama silali?

Nesi: 1, 4, 5, 6. Dawa ya usingizi anaandika daktari baada ya kukuona, kwa sababu zipo ambazo ukizizoea kuziacha ni kazi nyingine. Sijibu tena hili.

Mvuvi Kibirizi: Nesi, shikamoo. Mimi naenda ziwani saa 12 jioni, narudi alfajiri na dagaa. Hiyo hatua ya kwanza na ya pili kwangu ni kinyume. Na siku za mbalamwezi hatuendi, nikilala usiku nageuka mlevi mchana. Nifanyeje?

Nesi: Marahaba mwanangu, hili ndilo swali. Kwako jua la asubuhi ni adui hadi uamke. Ukishakabidhi mzigo mwaloni, usikae kupiga soga juani. Vaa kofia yenye ukingo, nenda moja kwa moja nyumbani, ziba dirisha kwa kitenge kizito, lala. Mwanga wako uupate mchana ukiamka. Siku za mbalamwezi usirukie ratiba ya mkeo kwa ghafla. Chagua saa chache ambazo utalala mwezi ukiwepo na usipokuwepo. Tuseme siku za giza unalala saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Siku za mbalamwezi lala saa 9 usiku hadi saa 4 asubuhi. Hapo saa 2 hadi saa 4 asubuhi mwili unakukuta umelala siku zote, na hiyo ndiyo nanga yake. Familia waambie saa zako kama unavyowaambia za kwenda ziwani.

Mvuvi Kibirizi: Asante sana. Nyongeza kidogo. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, nilidhani nitapumzika. Nikawa hovyo kuliko nilivyokuwa kazini. Kwa nini?

Nesi: Angalia kilichoondoka siku moja: saa ya kuamka, mwendo, na wenzako wote wa kwenye mtumbwi. Hatua ya 1, 3 na 7 zimefungwa pamoja na ziwa, na hela nayo imesimama. Watu wengi wakikaa hivyo husubiri kwanza hamu irudi ndipo wafanye kitu. Mara nyingi inakwenda kinyume: unafanya kitu kidogo kwanza, hamu inafuata nyuma. Likifungwa tena, nenda mwaloni saa ileile kila siku hata kama ni kushona nyavu tu, na kashone ulipo na watu.

Hadija wa Kasulu: Dada, kuna kitu sijaelewa hatua ya 5. Si ingekuwa rahisi mtu ajikataze tu kuwaza? Kwa nini nilitengee muda jambo ninalotaka liishe?

Nesi: Fanya jaribio. Kwa dakika moja kuanzia sasa, usimfikirie sokwe wa Gombe.

Hadija wa Kasulu: 😂 Amekuja na watoto wake.

Nesi: Daniel Wegner na wenzake walilifanya hilo Marekani mwaka 1987, wao walitumia dubu mweupe. Waliokatazwa walishindwa kumfukuza, na waliporuhusiwa baadaye walimuwaza kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Ili ukague kama humuwazi, inabidi kwanza umkumbuke. Ndiyo maana hatusemi "usiwaze", tunasema "saa 11". Kuahirisha kunawezekana kuliko kukataza. Swali zuri, na ukiijaribu rudi utuambie ukurasa upi ulijaa zaidi, wa kushoto au wa kulia. Wengi wanadhani ni wa kulia.

Simba wa Yuda: Haya mambo ni ya wazungu. Mwafrika anasali tu yanaisha.

Nesi: Nasali, na sijaandika popote kwamba mtu aache. Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi wa mitaani. Akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza mtu, na kumsaidia achague tatizo moja la kulianza. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti yakachapishwa: waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wa Harare ni mzungu?

Simba wa Yuda: Nimesema tu maoni yangu.

Nesi: Nami nimejibu tu.

Mzee wa Baraza Ujiji: Binti yangu, nimesoma yote. Lakini kahawa ya jioni barazani ndipo sisi wazee tunapofanyia hiyo hatua yako ya saba. Ukitufungia kahawa saa 8, nani atakuja kuniuliza hali?

Nesi: Shikamoo babu. Hapo umenibana. Nikiambiwa nichague kati ya kahawa na baraza, nachagua baraza bila kufikiri. Nenda kama kawaida. Kikombe kile kidogo kimoja, na vingine mwambie muuzaji akupe tangawizi, wengi wanayo. Ukilala vizuri na vikombe vitatu, endelea navyo, sheria yangu haikuhusu.

Mzee wa Baraza Ujiji: Marahaba. Tangawizi wanaleta, ila kashata siachi.

Nesi: Kashata sikuigusa babu.

Mama Pacha: Nesi mimi nimejifungua wiki tano zilizopita. Nalia bila sababu, nawaangalia watoto sihisi kitu. Hatua ya kulala kwangu haiwezekani. Naomba usinicheke.

Nesi: Hakuna wa kukucheka hapa, na atakayecheka nitamtoa. Kulialia siku chache baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi, huanza siku za mwanzo na huisha ndani ya wiki mbili hivi. Wewe uko wiki ya tano, kwa hiyo hili halihitaji daftari langu. Ni ugonjwa unaotibika, na hukuuleta wewe. Kesho nenda kliniki unapopeleka watoto, umwambie nesi maneno hayahaya uliyoyaandika, neno kwa neno. Pia zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kupewa, wao watapima. Leo usiku mtu mwingine abebe watoto baada ya kunyonya, upate angalau saa nne za mfululizo. Nimekutumia ujumbe. Ukiwa na wazo la kujidhuru au kuwadhuru watoto, usisubiri kesho.

Mama Pacha: Mama mkwe amekuja, nimemwonyesha. Amesema kesho tunaenda wote.

Nesi: Msalimie. Mwambie aje na kadi za watoto.

Bodaboda Masanga: Nesi simu ndiyo kengele yangu, ikilala chumba kingine nitachelewa abiria.

Nesi: Saa ya mezani, soko la Mwanga, betri ndogo.

Bodaboda Masanga: Inapiga tik tik usiku kucha, ndiyo inanifanya nisilale.

Hadija wa Kasulu: Funga na kanga, weka ndani ya sufuria mlango wa pili. Ikilia, sufuria linaongeza sauti, hutaweza kuipuuza.

Nesi: Hili la sufuria sikulijua. Naliongeza kwenye mahitaji.

Kijana wa Mwandiga: Na joto la chandarua? Nikikivua napata usingizi kabisa.

Nesi: Na malaria kabisa. Usikivue, na usikiloweshe maji kama wanavyofanya wengine, kuloweka mara kwa mara kunaondoa dawa. Oga kabla ya kulala, godoro lisogeze karibu na dirisha lenye wavu. Naona safari hii umesoma.

Kijana wa Mwandiga: Nimefika hatua ya 4.