Kuhamisha kanda za VHS kwenye kompyuta bila kuharibu harusi

Kanda ya harusi iliyokaa kabatini Tanga au Mombasa tangu miaka ya 1990 huenda imebakiza mzunguko mmoja tu mzuri kabla utepe haujanata au kukatika. Kwa hiyo usiitumbukize kwenye deki "kuangalia kama bado ipo". Safisha deki kwanza, jaribu mtambo mzima kwa kanda ya sinema isiyo na maana kwako, kisha kanda yenyewe icheze huku kompyuta ikiwa tayari inarekodi.

Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwezi Julai 2016. Deki utakayopata itakuwa mtumba, iwe Kariakoo au kwa shangazi. Usilipe kabla hujaiona ikicheza dakika kumi, ikirudisha nyuma hadi mwanzo na kutoa kanda bila kuacha utepe ukining'inia. Deki za Ulaya mara nyingi zina tundu pana la SCART. Tafuta adapta yake yenye swichi, na swichi iwe upande wa OUT, la sivyo utapata giza tupu.

Picha ikijaa chenga, tatizo mara nyingi ni hedi chafu. Chomoa umeme, fungua mfuniko wa juu, utaona silinda inayong'aa, imeinama kidogo, kipenyo chake milimita 62. Hedi ni vipande vidogo vinavyosoma utepe, vinavyochungulia kwenye ukingo wake. Kunja karatasi nyeupe safi, ilowanishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ibane taratibu kwenye silinda kwa kidole, kisha zungusha silinda kwa mkono mwingine mara tano au sita. Karatasi itulie, silinda ndiyo izunguke. Ukisugua juu na chini, au ukitumia pamba ya masikio ambayo nyuzi zake hunasa, hedi inavunjika na deki imekwisha. Pamba itumie kwenye hedi ya sauti tu, ile isiyozunguka. Roli la mpira lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Acha vikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Sasa chungulia kanda kupitia kidirisha chake. Unga mweupe au nyuzinyuzi kwenye kingo za utepe ni kuvu, na Pwani ni kawaida kabisa. Kanda hiyo isiingie kwenye deki: kuvu itahamia kwenye hedi na kutoka hapo itaambukiza kila kanda inayofuata. Kuianika juani nako ni kosa, joto hukunja utepe. Iweke wiki moja au mbili kwenye chombo kilichofungwa pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, kisha mpelekee fundi mwenye deki ya kusafishia tu. Kanda isiyo na kuvu ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja, ili utepe ulioshikana uachane. Vunja pia kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kanda. Bila hicho deki haiwezi kurekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Kanda ndogo za VHS-C huingia kwenye deki kwa adapta yake. Za Video8 na Hi8 hazina adapta ya namna hiyo, hata kama muuzaji anaapa. Zinahitaji kamera yake. MiniDV tayari ni ya kidijitali, hunakiliwa kwa waya wa FireWire, takriban GB 13 kwa saa.

Waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Unganisha deki na kifaa cha kunasa video cha USB, kikichomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia habu (kigawio cha matundu ya USB). Vile visanduku vya kugeuza RCA (nyaya hizo tatu) kuwa HDMI viepuke: vingi hutanua sura za watu na kuchanganya mistari ya picha kabla hujaweza kuirekebisha.

Kwenye OBS Studio, programu ya bure, chagua PAL (mfumo wa video uliotumika Tanzania na Kenya), 720 kwa 576, fremu 25. Weka turubai (Canvas) na saizi ya kurekodi 768 kwa 576, kasi 50, kisha bofya chanzo kwa kitufe cha kulia, chagua Deinterlacing, Yadif 2x. Hiyo ndiyo inayoondoa mistari kama meno ya kitana mtu anapotembea. Tanua picha ijaze turubai. Kanda iliyotumwa kutoka Marekani ni NTSC: 720 kwa 480, turubai 640 kwa 480, kasi 59.94, na deki iwe inakubali mfumo huo.

Rekodi kwa Kbps 10,000, yaani kama GB 4.5 kwa saa. Kanda ya E-180, yaani ya saa tatu, itafika GB 13.5. Diski ya nje iliyo kwenye mfumo wa faili wa FAT32 itagoma faili moja ikifika GB 4, ibadilishe iwe exFAT kabla ya kuweka chochote. Faili iwe MKV. Umeme ukikatika katikati, MKV hubaki na kila kilichorekodiwa, MP4 mara nyingi haifunguki tena.

Mstari unaotetemeka chini kabisa ya picha ni wa kawaida, televisheni za zamani ziliuficha. Picha ikiruka, rekebisha tracking kwenye deki, yaani jinsi hedi inavyofuata utepe. Sauti isipolingana na midomo, mara nyingi kifaa kinapoteza fremu kwa sababu ishara ya kanda ni dhaifu. Pitisha waya kwanza kwenye Panasonic DMR-ES10 au DMR-ES15, deki za DVD zinazosifika kwa kuituliza. Sauti ikitoka upande mmoja tu, huenda deki ni ya mono: washa Mono kwenye mipangilio ya sauti ya OBS.

Iache icheze hadi utepe uishe. Baada ya kutunza na keki huja giza la dakika kadhaa, halafu ghafla ubatizo wa mtoto ambao hakuna aliyekumbuka kuuandika kwenye jalada.

Jina la faili lianze na mwaka: 1996-12_harusi_kanda1. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Ukituma WhatsApp kama video ya kawaida itabanwa hadi nyuso zififie; tuma kama dokumenti, isizidi GB 2, ukikata vipande kwa LosslessCut, ambayo haipunguzi ubora.