Tokyo, Kyoto na Osaka kwa mke na mume: namna ya kutembea kwa reli na kula samaki

Mimi nauza dagaa na migebuka Kibirizi, hapa Kigoma. Mume wangu, Baba Salma, ni mstaafu wa reli. Ujana wake uliishia stesheni ya Kigoma na kwenye mabehewa ya kwenda Tabora. Novemba 2024 tulikwenda Japani kwa siku kumi na mbili, sisi wawili tu, baada ya kudunduliza kwa miaka saba. Tangu turudi sipiti sokoni bila mtu kunishika mkono na kuniuliza tulifanyaje. Basi naandika hapa, kwa mke na mume wanaotaka kuona miji, wale vizuri, na warudi bado wanasemezana.

Kabla hata ya kuulizia nauli, kaeni chini kila mmoja aseme anachokitaka moyoni. Mimi nilitaka masoko ya samaki. Yeye alitaka treni. Orodha yetu ya kwanza ilikuwa na miji sita, mpaka Sapporo, ambayo iko kaskazini kabisa, kwenye kisiwa kingine. Salma, binti yetu, alituonyesha kwenye ramani, tukakata. Ikabaki mitatu ya kulala: Tokyo, Kyoto na Osaka. Nara, Kobe na ziwa Biwa tukaviendea asubuhi na kurudi jioni. Kila mnapohama hoteli mnapoteza nusu siku kwa kufunga na kufungua mizigo, na watu waliochoka hugombana kwa jambo la sabuni.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Tanzania. Mtaunganisha Addis Ababa, Doha au Dubai. Mwambieni wakala awakatie tiketi ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka, ili msirudi njia mliyokwisha kuipita. Viza ni lazima, na ubalozi wao uko Dar es Salaam. Wanataka ratiba ya siku kwa siku: tarehe fulani mnalala wapi, mnakwenda wapi. Iandikeni kwa makini, kwa sababu mkiiandika vizuri ndiyo itakayowaongoza mkifika. Sisi tuliambatanisha taarifa za benki na nakala ya cheti cha ndoa. Msibebe nyama ya aina yoyote, hata soseji au iliyokaushwa, wala matunda. Kule uwanjani hawana mzaha na hayo.

Kuhusu majira, mimi nasema Novemba. Majani ya miti yanageuka mekundu na ya njano, mvua si nyingi, na baridi inavumilika kwa koti zuri. Makoti yetu tuliyachagua mtumbani Mwanga, na hayakutuangusha. Maua ya micheri huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, ni mazuri mno lakini watu ni wengi na vyumba vinapanda bei. Agosti kuna joto la kunata. Mwisho wa Aprili hadi siku za mwanzo za Mei wenyeji wenyewe wako likizo, treni zinafurika, msiende.

Saa za kule ziko mbele yetu kwa saa sita, na kwa sisi Waswahili hiyo ni neema. Ukitaka kupiga simu nyumbani, itazame saa ya ukutani ya Tokyo na usome tarakimu ambayo mshale umeiangukia. Mshale ukiwa kwenye 9 na kiza kimeingia, Kigoma ni saa tisa alasiri. Ukiwa kwenye 1 mchana, Kigoma ni saa moja asubuhi. Baba Salma ndiye aliyeligundua hilo, na hatukumwamsha mtu hata siku moja.

Vyumba ni vidogo kuliko mnavyodhani. Hoteli yetu ya kwanza tuliichukua kwa bei, tukakuta kitanda chenye upana wa sentimeta 120 kimebanwa ukutani, na begi likifunguliwa mlango haufunguki. Wao hukiita kitanda cha namna hiyo “semi-double”, na kwa watu wazima wawili hakifai. Ulizieni “twin”, vitanda viwili, au someni upana wa kitanda kabla ya kulipa. Halafu laleni karibu na stesheni. Hili nalisisitiza: dakika tano za kutembea usiku mkiwa mmeshiba na mmechoka zina thamani kuliko chumba chenye mapazia ya hariri.

Sasa reli, na hapa namsemea mume wangu. Treni yao ya mwendokasi, Shinkansen, ilianza Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka. Aina iitwayo Nozomi huwafikisha Kyoto kwa saa mbili na robo hivi, mwendo wa karibu kilometa 500. Tiketi ni kama yen 14,000 kwa mtu. Sisi tulipiga yen moja kwa shilingi 17. Watu watawaambia mnunue pasi ya reli ya siku saba. Bei yake ilipanda Oktoba 2023 hadi yen 50,000, na kwa njia hii ya miji mitatu hailipi. Nunueni tiketi moja moja. Mkitoka Tokyo, ombeni kiti E, dirishani upande wa kulia. Baada ya dakika 40 na kidogo, mbingu ikiwa safi, mlima Fuji unajitokeza mzima. Baba Salma alisimama wima na kofia mkononi mpaka ulipotoweka.

Mabegi makubwa msihangaike nayo. Mapokezi ya hoteli watawaandikia fomu, gari linachukua mzigo na kesho yake unaukuta hoteli inayofuata, kama tunavyotuma parseli kwa basi hapa kwetu. Begi moja ni kati ya yen 2,000 na 3,000. Ninyi mnapanda treni na mkoba wa nguo za siku moja. Kwa treni za mjini nunueni kadi ya safari, Suica mkiwa Tokyo au ICOCA mkiwa Osaka, mnatia pesa na kuigusisha getini. Inafanya kazi miji yote mitatu.

Kabla ya kupanda treni ya masafa nunueni chakula cha stesheni, kinachoitwa ekiben. Mtu aliyesafiri reli ya kati anajua utamu wa kula kitu kilichonunuliwa njiani, kuku wa Saranda au asali ya Tabora. Pale stesheni ya Tokyo mna duka zima la visanduku hivyo, kila mkoa na wake: wali uliofunikwa samaki, mkunga wa kuchoma, kaa. Chukueni viwili tofauti mgawane. Jengo lenyewe la matofali mekundu lilifunguliwa Desemba 1914, mwaka uleule reli ilipofika Kigoma. Na Kyoto, kwenye makumbusho ya reli, lipo banda la nusu duara la injini za mvuke, nalo la 1914. Zile injini bado zinatiwa moto, na kuna moja inayovuta abiria kwa mwendo mfupi. Mume wangu alikaa pale saa nne nzima. Nilimwacha. Hiyo ilikuwa siku yake, na kesho yake ilikuwa yangu, na hivyo ndivyo ninavyowashauri mpange: siku moja ya huyu, moja ya yule, zinazobaki za wote.

Chakula sasa, maana ndicho kilichonipeleka.

Anzeni na kinachojulikana na ulimi wenu: wali na samaki. Kwenye maduka madogo yanayokesha, yaliyo kila kona, wanauza tonge la wali lililoviringishwa kwa mwani mkavu, ndani mna samaki. Bei yake ni yen 150 hadi 200. Hilo ndilo lililokuwa kifungua kinywa chetu. Tokyo, nendeni soko la samaki la Tsukiji asubuhi, saa mbili mnafika, saa nane mchana wanafunga. Mnada wa jumla ulihamia Toyosu mwaka 2018, lakini mitaa ya nje ya Tsukiji imebaki: vibanda vya jodari, mayai ya kukunja kwenye vijiti, visu, chai. Epukeni Jumapili, wengi hawafungui.

Ila siku yangu mimi ilikuwa soko la Nishiki, Kyoto. Ni uchochoro mmoja mrefu uliofunikwa paa. Kwenye duka la vikavu niliona kapu la samaki wadogo wa rangi ya fedha, nikasimama. Dagaa! Wanawaita niboshi, ni wa baharini, wanachemshwa kisha wanakaushwa, nao ndio wanaotoa supu inayobeba mapishi mengi ya kule. Mama mwenye duka, mtu mzima kunizidi, alimchukua mmoja, akamnyofoa kichwa kwa ukucha wa kidole gumba, akampasua tumbo, akautoa ule uchafu mweusi unaotia uchungu, akaiweka nyama kwenye karatasi. Nami nikachukua mmoja nikafanya vilevile, kwa ukucha uleule, haraka kumzidi. Akamwita mumewe aliyekuwa ndani aje aone. Akatumiminia supu kwenye vikombe vidogo, nyepesi kama chai, na ndani yake nikaisikia Kibirizi asubuhi ya kiza cha mwezi, dagaa wakiwa tele. Sina neno jingine la kuwaambia isipokuwa nendeni mkainywe. Ila Nishiki msile mkitembea. Wameandika mabango kuomba hivyo. Simameni mbele ya kibanda mlichonunua, mmalize, mrudishe taka kwa mwenyewe, kwa sababu mapipa ya barabarani ni adimu.

Kwa Waislamu wenzangu. Supu ya tambi za ramen mara nyingi ni ya mifupa ya nguruwe, na mapishi mengi ya samaki yanatiwa mirin, ambayo ina kilevi. Jifunzeni maneno mawili: “buta” ni nguruwe, “osake” ni pombe. Bora zaidi, Salma alituandikia kwa Kijapani, kwa programu ya tafsiri kwenye simu, kwamba hatuli nguruwe wala pombe, nasi tukawa tunaonyesha kabla ya kukaa. Hakuna aliyetukasirikia, waliokuwa hawana chakula chetu walituambia wazi. Migahawa ya halali ipo miji yote mitatu. Ijumaa tuliswali Tokyo Camii, mtaa wa Yoyogi-Uehara, msikiti mkubwa wa mtindo wa Kituruki. Mkiwa Osaka, chukueni nusu saa ya treni mfike Kobe muuone msikiti wa kwanza wa Japani, wa 1935. Ulisimama mabomu ya 1945 yalipouteketeza mji, ukasimama tena tetemeko la 1995 lilipouangusha mji huohuo. Nilishika ukuta wake nikawaombea wazee wangu wa Ujiji.

Osaka ni mji wa kula. Dotonbori usiku ina taa nyingi na mafuta yanachemka kila upande. Takoyaki ni vitumbua vya unga vyenye kipande cha pweza, na nasema vitumbua kwa sababu kikaango chake kina mashimo kama chetu. Ndani vina moto mkali, pasueni kwanza. Okonomiyaki ni chapati nene ya kabichi. Ombeni ya kamba au ngisi, maana ya kawaida ina nguruwe.

Vijiti vya kulia vina adabu zake. Msivisimamishe wima kwenye wali, na msipokezane kipande kutoka kijiti hadi kijiti. Yote mawili ni mambo ya msibani. Bakshishi hawapokei. Kuhusu maji ya moto ya chemchemi, ya pamoja huingiwa uchi, wanaume kwao na wanawake kwao. Wanandoa wanaotaka stara waulizie “kashikiri”, chumba cha kuoga mnachokodi wenyewe.

Mandhari yaliyobaki nayapitia upesi. Yale malango mekundu ya Fushimi Inari, Kyoto, hayana kiingilio wala saa ya kufunga. Nendeni alfajiri, saa tatu ni msongamano. Nara kuna kulungu zaidi ya elfu moja wanaozurura bustanini, na wanainama kuomba biskuti. Ficheni karatasi, watazila.

Biwa wengi hawaendi, lakini mtu wa Kigoma asiiache. Ni dakika kumi tu kwa treni kutoka Kyoto hadi Otsu. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote Japani, kilometa za mraba 670, kina chake ni mita 104 hivi. Letu linapita mita 1,400. Lakini ni ziwa la kale sana kama letu, lina samaki wasiopatikana kwingine. Mmoja hulazwa kwenye chumvi, kisha kwenye wali kwa miezi mingi, anaitwa funazushi. Harufu yake inakufikia kabla yake. Sisi hatukumla, hatukupata wa kutuhakikishia kwamba hakuna pombe. Tulikaa ufukweni tukala matonge yetu, Baba Salma akavua viatu, maji yakamfika kwenye vifundo.

Bebeni pesa taslimu, vibanda vidogo havitaki kadi. Mashine za kutolea pesa kwenye maduka ya 7-Eleven zinakubali kadi za nje. Iambieni benki yenu mapema kwamba mnasafiri, wasije wakaifunga kadi.

Zawadi ya kununua ni kisu. Nishiki lipo duka la Aritsugu, ukoo uliofua vyuma tangu 1560, na wanachora jina kwenye ubapa mkiwa mnasubiri. Mume wangu aliwatamkia jina langu polepole, mara tatu, fundi akaligonga kwa herufi zao. Kifungasheni vizuri na mkiweke kwenye begi la kupakiwa tumboni mwa ndege, si la mkononi. Changu kiko Kibirizi, mezani pangu, na migebuka ya asubuhi naipasua kwacho.