Kabla hajaonja: namna ya kujitolea kwenye muungano wa mtaa unaokinga vijana na ulevi

Muungano wa mtaa haukamati watu, haufichui wauzaji na hautibu waraibu. Kazi yake ni kuhakikisha mtoto wa miaka 11 au 14 anayetoka shule saa nane mchana hakuti sigara, pombe, bangi na vidonge vikiwa karibu naye kuliko mpira, mzazi au mtu mzima anayemjua kwa jina. Anayekuja akidhani atatoa hotuba ndiye anayechoka mapema. Sehemu kubwa ya kazi ni kutembea, kuandika na kukumbushana.

Yaliyo hapa yanahusu mitaa ya Tanzania Bara, hasa Dar es Salaam. Zanzibar utaanzia kwa sheha badala ya mwenyekiti wa mtaa. Kenya sheria ni nyingine, na simu ya bure ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.

Kuingia

Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, si maskani. Uliza mambo matatu: kamati ipi inashughulikia watoto na vijana, inakutana lini, na nani anaandika muhtasari. Mitaa mingi ina kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto iliyotokana na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kama ipo, jiunge humo au ombeni muwe sehemu yake. Kuunda kamati nyingine pembeni ni kutafuta ugomvi wa bure, na mwalimu mkuu atabaki hajui amsikilize nani.

Angalia waliomo. Muungano wenye nguvu una mwalimu wa malezi, imamu na mchungaji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, afisa ustawi wa jamii wa kata, polisi kata, mwenye duka la dawa muhimu, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, mama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), mtu wa klabu ya jogging, na vijana wasiopungua wawili wenye sauti kweli. Kwa kawaida wanaokosekana ni bodaboda na vijana, nao ndio wanaojua kinachouzwa wapi.

Sema mapema una muda gani. Saa tatu kwa wiki kwa miezi sita zinafaa kuliko ahadi ya kila siku inayokufa mwezi wa pili. Na kabla hujakutana na mtoto yeyote, saini kanuni za ulinzi: hubaki naye peke yenu faraghani, humtumii ujumbe wa simu wa siri, humpigi picha bila ridhaa ya mzazi. Kama muungano hauna kanuni hizo, kuziandika iwe kazi yako ya kwanza. Ukurasa mmoja unatosha. Mtoto akikueleza kwamba anafanyiwa ukatili, usimchunguze wala kumhoji kama askari. Msikilize, kisha mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kutembea mtaa

Wiki nne za mwanzo msifundishe mtu yeyote. Chukueni kaunta buku mtembee njia moja ileile katika nyakati tatu: asubuhi kabla ya kengele, kati ya saa nane na saa kumi alasiri, na kati ya saa moja na saa tatu usiku wa Ijumaa au Jumamosi. Tembeeni wawili wawili. Chora safu tano: mahali, kinachouzwa, umri wa wanunuzi kwa kukadiria, saa, na kama kuna mwanga. Hesabu pia hatua kutoka geti la shule hadi duka la kwanza lenye sigara.

Usiandike jina la muuzaji wala kupiga picha. Daftari hupotea, na siku litakapookotwa mtaa mzima utawaita watoa habari wa polisi. Hapo hakuna kijana atakayewasogelea tena. Mwenye taarifa za biashara ya unga, yaani heroini, apige mwenyewe 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kama raia, si kwa jina la muungano. Na msipite kwenye maskani usiku mkiwa na madaftari mkononi kama karani wa sensa.

Matokeo ya matembezi huwashangaza wageni. Watu hutarajia heroini, lakini daftari hujaa sigara za moja moja, ugoro, gongo, bia, na dawa za kikohozi zenye kodeini au vidonge vya maumivu vya tramadoli vinavyotolewa bila cheti. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku tangu Machi 1, 2017, kwa hiyo mkivikuta bado vinauzwa, andikeni. Mirungi nayo ni haramu Tanzania hata kama ng'ambo ya mpaka, Kenya, ni zao la biashara.

Anzeni na pombe na sigara. Ndizo vijana wengi huonja kwanza, na hapo mna sheria ya kushikilia: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe na kumruhusu kuingia baa.

Kuongea na mwenye duka

Nendeni wawili, mmoja awe mtu anayesali au kucheza vikoba naye. Chagueni muda ambao hakuna wateja. Ombeni mambo matatu tu: asimuuzie aliye chini ya miaka 18 hata akisema "katumwa na baba", sigara zihame kutoka kando ya pipi na biskuti, na asivunje pakiti kumuuzia mwenye sare ya shule. Rudini baada ya siku 14. Mkikuta amebadilika, mshukuruni mbele ya wateja. Akikataa mara tatu, mwenyekiti amwite ofisini. Ninyi msitishe mtu.

Hilo la "katumwa na baba" linahitaji kazi ya upande wa pili, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mzazi anayemtuma mtoto bia na sigara anamfundisha bei, duka na namna ya kuagiza. Kwenye kila kikao cha wazazi, hili liwe la kwanza.

Msimtume mtoto akanunue ili "kumpima" muuzaji. Mtamweka mtoto hatarini, na siku mambo yakiharibika mtakosa pa kusimama.

Wazazi

Wazazi hawaji kwenye mkutano wa "dawa za kulevya", kwa kuwa anayekuja anaonekana ana tatizo nyumbani. Wafuateni walipokwisha kukaa. Ombeni VICOBA dakika 20 kabla ya kuhesabu hisa, kwa wiki nne mfululizo, kila wiki na zoezi moja: kujua mtoto yuko wapi kati ya saa nane na saa kumi na mbili jioni, kuweka kanuni mbili za nyumbani na adhabu isiyo kipigo, kusikiliza bila kufoka, na kutambua dalili. Wiki ya dalili iwe ya mwisho. Ikitangulia, wazazi hurudi nyumbani kupekua mabegi na mazungumzo hufa. Akina baba watafutwe kwingine: kijiweni, baada ya sala ya alasiri, au Jumapili jogging inapomalizika.

Vijana

Hapa ndipo nia njema huharibu zaidi. Viwango vya kimataifa vya kinga vilivyotolewa na UNODC (ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu) pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2018 vinasema wazi kwamba hotuba ya mara moja, vitisho, na kumleta aliyewahi kutumia dawa atoe ushuhuda shuleni havizuii vijana kutumia. Wengi hawapendi kusikia hivyo, maana ushuhuda hujaza ukumbi. Lakini mtoto wa miaka 13 anamwona kaka aliyetumia, akapona, na sasa anapigiwa makofi na mwalimu mkuu. Anachobaki nacho ni kwamba kurudi kunawezekana. Aliyepata nafuu ana nafasi kubwa kwenye muungano, ila kwa waraibu wanaotaka kuacha na kwa familia zao.

Kinachofaa ni stadi za maisha kwa mazoezi. Wawe 20 hadi 25, wa rika moja. Wa miaka 11 msiwachanganye na wa 16. Kila kipindi kiwe cha dakika 45, vipindi vinane au zaidi, na nusu ya muda waigize wenyewe: rafiki anakupa sigara nyuma ya choo, unasema nini, akikucheka unasema nini tena? Rudieni mpaka jibu litoke bila kufikiri. Msionyeshe kete wala msokoto, na msieleze namna dawa inavyotumiwa. Ruhusa iombwe kwa barua yenye nakala mbili. Yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa sababu walimu wakuu huhamishwa.

Aliyekwisha kuanza

Mtakutana naye, na mnachotakiwa kujua ni mlango gani wa kumpeleka. Methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, inatolewa bure kliniki za serikali, kuanzia Muhimbili iliyofungua mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Ni kwa waraibu wa heroini na dawa za jamii hiyo tu, na mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kumpeleka huko mvuta bangi au mlevi wa gongo ni kumpotezea nauli na imani. Huyo aanzie kwa daktari au kitengo cha afya ya akili.

Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, huwa kali siku mbili tatu, kisha hupungua ndani ya wiki. Inatesa, ila kwa kijana mwenye afya ni nadra kuua. Ya pombe ndiyo ya kuogopa. Mnywaji wa kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata degedege na kufa. Familia zinazomfungia chumbani "ajifunze" ziambieni zimpeleke hospitali.

Ukimkuta mtu amezidisha unga, anapumua kwa shida, midomo ya bluu na haitikii, mlaze ubavu, angalia pumzi, mpe pumzi za mdomo zikikatika, na aitwe bajaji kumwahisha kituo cha afya. Maziwa, maji ya chumvi na ndoo ya maji baridi havimsaidii.

Yanayoua muungano

Posho inaongoza. Amueni kikao cha kwanza kwamba vikao havilipwi, nauli hurudishwa kwa kiwango kimoja kwa wote, na fedha hutolewa kwa saini tatu. Cha pili ni uchaguzi: mgombea akileta fulana zenye picha yake, rudisheni kwa adabu, hata kama watu wamekwisha kuzivaa. Cha tatu ni mtu mmoja kushika namba zote za simu na daftari. Muhtasari uwe na nakala ofisi ya mtaa.

Msihesabu semina wala waliokamatwa. Kila baada ya miezi mitatu tembeeni njia ileile, saa zilezile, mlinganishe safu, na muombe shule idadi ya watoro, bila majina. Mtaona namba za daftarini zinapanda Juni na Desemba shule zinapofungwa, wakati ambao wanaojitolea nao wamekwenda mikoani. Ratiba ya Desemba ipangwe Oktoba, na kiwanja kiombwe mapema kabla ligi za mchangani hazijakiwahi.