Maambukizi mazito ya ngozi na tishu laini kwa watoto: namna ya kuyatambua mapema

Mwongozo huu ni wa mhudumu wa afya anayempokea mtoto mwenye uvimbe, kidonda au ngozi inayouma. Maambukizi mengi ya ngozi ni mepesi. Yale machache yanayoua huanza yakifanana nayo, na mara nyingi ngozi ndiyo huchelewa kuonyesha kinachoendelea chini yake. Ndiyo maana uchunguzi unaanza na mtoto, kidonda baadaye.

Hatua ya 1: Mpime mtoto mzima. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka. Bonyeza ukucha kwa sekunde 3, kisha achia: damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mikono ikawa ya baridi, fikiria mshtuko, yaani damu haifiki vya kutosha kwenye viungo vya mwili. Mtoto aliyelegea, asiyenyonya au anayetapika kila kitu ni dharura hata kama kidonda ni kidogo. Kukosa homa kusikutulize: kichanga au mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na joto la chini ya nyuzi 35.5 huku bakteria wamejaa kwenye damu.

Hatua ya 2: Mvue nguo zote. Tazama kitovu, mapaja, mgongo na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika, kwa hiyo tegemea zaidi mkono wako: gusa kwa mgongo wa kiganja, ukilinganisha na upande wa pili. Tafuta joto, ugumu, ngozi inayong'aa, au rangi iliyokoza kuliko kawaida. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu na uandike saa.

Hatua ya 3: Pima maumivu dhidi ya unachokiona. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtoto anayelia sana akiguswa mguu ambao ngozi yake inaonekana karibu salama, hasa siku chache baada ya tetekuwanga, achukuliwe kuwa na maambukizi yanayoozesha utando wa misuli mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dalili nyingine ni uvimbe mgumu unaovuka wekundu, mpaka unaosogea ndani ya saa chache, na mapigo ya moyo yaliyo juu kuliko homa inavyoeleza. Malengelenge ya zambarau, ngozi iliyokufa ganzi au inayochakarika chini ya vidole huja baadaye, ukiyangoja umechelewa. Dawa za maumivu, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kuficha maumivu na homa, kwa hiyo uliza alipewa nini na saa ngapi.

Eksirei isiyoonyesha gesi ndani ya tishu haiondoi ugonjwa huu wa utando wa misuli, wala wingi wa chembe nyeupe za damu ulio wa kawaida. Anayeuthibitisha ni daktari wa upasuaji anapofungua na kuukagua utando. Mwite kabla ya kutafuta picha zaidi.

Hatua ya 4: Angalia mahali penyewe. Kope zikivimba, zifungue kwa upole. Jicho lililojitokeza, linalouma likizungushwa, lisilosogea vizuri au lililopungua kuona, maana yake maambukizi yamefika nyuma yake: CT skani haraka. Kwa kichanga, wekundu uliotoka kitovuni ukaingia kwenye ngozi ya tumbo unahitaji kulazwa. Mtoto asiyetaka kutembea, chunguza kiungo na mfupa pia. Ngozi ikichubuka kwa kusuguliwa kidogo huku mdomo ukiwa salama ndani, fikiria sumu ya bakteria aina ya stafilokoki. Mdomo ukiwa na vidonda, fikiria mzio mkali wa dawa.

Hatua ya 5: Tafuta usaha, kisha chukua sampuli. Jipu la juu hubonyea kama mfuko wa maji. La ndani ya msuli halibonyei, na altrasaundi hulionyesha. Peleka maabara usaha wenyewe. Kijiti kilichopitishwa juu ya kidonda huokota bakteria wakazi wa kawaida wa ngozi. Damu ya kuotesha bakteria maabara itolewe kabla ya antibiotiki, lakini mtoto mwenye mshtuko asicheleweshewe dawa kwa sababu mshipa haupatikani.

Hatua ya 6: Kagua tena. Unayemshuku, mwangalie kila saa. Aliyetulia, baada ya saa 24. Asipopata nafuu kwa saa 48, kabla ya kubadilisha dawa uliza: kuna usaha haujatolewa? Kuna mwiba au kipande kilichobaki ndani? Bakteria ni sugu? Au hayakuwa maambukizi tangu mwanzo?