Nyoka mchanga wa mahindi anapokaribia kujivua gamba
Macho ya nyoka wako wa mahindi (kwa Kiingereza corn snake, nyoka asiye na sumu anayefugwa nyumbani) yakianza kuwa na ukungu wa samawati, acha kumshika, kwa kuwa haoni vizuri na hushtuka upesi. Ukungu huo hutoweka siku chache kabla hajajivua gamba, hivyo usidhani kwamba kazi imekwisha. Mwekee kizimbani kikopo chenye tundu la kuingilia, kilichotandikwa karatasi laini zilizoloweshwa na kukamuliwa, ili gamba lilainike na kutoka zima. Likishatoka, likague kwa makini sana, hasa ncha ya mkia, maana kipande kikisalia hapo hukaza na kuzuia damu. Tafadhali usikibandue kikiwa kikavu. Mloweshe kwanza katika maji kidogo ya vuguvugu, ukiwa karibu naye. Utando uliobaki machoni mwachie daktari wa wanyama.